Batiki ya Java hatua kwa hatua: tuchore kitambaa kimoja cha kawung

Kwa mtu wa Dar es Salaam, ukitaja batiki anaona kitambaa cha rangi kali, sifongo iliyochovywa kwenye nta ya mshumaa, na zile nyufa nyembamba za rangi zinazotambaa kila mahali kama mishipa ya jani. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa. Kisha nikapata nafasi ya kukaa siku chache Giriloyo, kijiji cha wachoraji batiki kusini mwa Yogyakarta, kwenye kisiwa cha Java nchini Indonesia, karibu na kilima cha Imogiri walikozikwa wafalme wa Mataram. Siku ya kwanza nilitoa kwa fahari kitambaa changu chenye nyufa. Mama aliyekuwa akitufundisha alikigeuza nyuma, akakitazama tena mbele, kisha akaniuliza kwa upole kama nta yangu ilipasuka kwa bahati mbaya.

Huku kwetu nyufa ni urembo na mteja anaziulizia. Kwenye batiki ya kasri za Java, ufa ni ushahidi kwamba mkono ulitetereka au nta ilikuwa mbovu. Tangu siku ile nimejifunza kuitazama batiki kwa jicho la yule mama: rangi hutanguliwa na nta, na pale nta ilipokosewa hakuna rangi itakayokuja kukuokoa.

Tutatengeneza kipande kidogo, sentimita 50 kwa 50, chenye ua la kawung, yaani maumbo manne kama mayai yanayoelekea kitovu kimoja, na rangi nne: nyeupe, buluu, kahawia na nyeusi. Rangi nne hizo zinatoka kwenye ndoo mbili tu za rangi, na nitaeleza zinavyopatikana. Tenga siku tano hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya muda ni ya kusubiri kitambaa kikauke. Kitambaa kamili cha kujifunga, chenye urefu wa kama mita mbili na nusu, kikichorwa kwa mkono huko Java huchukua wiki nyingi, na kile cha kazi nzito huchukua miezi.

Vitu vya kuandaa

- Kitambaa cheupe cha pamba tupu, pamoja na kipande cha pembeni cha kujaribia.
- Nta ya nyuki gramu 150 na parafini gramu 100. Mishumaa myeupe ya kawaida inafaa.
- Chantingi mbili, moja ya mdomo mwembamba na moja ya mdomo mpana. Wajava huandika canting. Ni kikombe kidogo cha shaba nyekundu, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, chenye mrija uliopinda kama mdomo wa birika, kikiwa kimechomekwa kwenye mpini wa mwanzi au mti. Zinauzwa mtandaoni kwa bei ndogo.
- Kikarai au kisufuria kizito na jiko lenye moto unaopunguzika.
- Nili ya unga gramu 50, chokaa laini gramu 150, sukari ya matunda (fructose) gramu 150, na ndoo ya lita 10 yenye mfuniko.
- Gome kavu la mkandaa (mti wa mikoko) nusu kilo, au rangi ya kahawia ya kununua inayokubali maji baridi.
- Magadi soda, penseli, rula, kisu butu, glavu, na nguo ambayo hutaililia ikiharibika.

Hatua ya 1: Kitambaa

Wajava hukiita kitambaa hiki mori na hukipanga kwa madaraja. La juu kabisa ni primissima, laini na lenye nyuzi zilizobanana. Linalofuata ni prima. Sisi tutatumia bafta nzuri au popilini ya pamba. Usimwamini muuzaji, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini. Uzi ukijikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, una nailoni ndani yake, na nili itateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba.

Kifue kwa maji ya moto na sabuni, kichemshe nusu saa, kisuuze mpaka maji yawe safi. Lengo ni kutoa wanga waliokitia kiwandani. Zamani huko Java kazi hii ilikuwa ya siku kadhaa: kitambaa kilikandwa kwa mafuta ya karanga na maji ya majivu ya mabua ya mpunga, kikaanikwa, kikakandwa tena, ili kije kuipokea vizuri rangi ya kahawia. Baadaye kilikunjwa na kupigwa kwa nyundo ya mti hadi nyuzi zilale. Pasi yako itafanya kazi ya ile nyundo. Jaribu kwa tone la maji: likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari.

Hatua ya 2: Chagua ua, na ujue unachosema

Hapa sitaki ukimbie. Sisi wa pwani tunasoma jina la kanga. Mtu akivaa kanga yenye maneno fulani mbele ya jirani yake, ujumbe umefika bila mdomo kufunguliwa. Batiki ya Java haina maneno, lakini husomwa vilevile, kwa ua. Ukivaa ua lisilo lako au lisilo la siku hiyo, watu wazima watakuona, hata wakinyamaza.

Parang ndilo ua la kuogopwa. Ni mistari ya mshazari inayofuatana kama mawimbi au kama safu ya majambia, na ile ya ukubwa wa juu, parang rusak barong, ilikuwa ya mfalme. Kasri la Yogyakarta lilikuwa na orodha ya maua yaliyokatazwa kwa raia, na mwaka 1927, enzi za Sultan Hamengkubuwono VIII, kanuni za nani avae nini ziliandikwa rasmi. Leo parang iko kwenye mashati ya maofisini na hakuna anayekukamata. Hata hivyo Desemba 2022, mtoto wa rais wa Indonesia wa wakati huo alipofanyiwa sherehe ya harusi kwenye kasri la Mangkunegaran mjini Surakarta, wageni waliombwa wasije na parang. Mwiko wa kasri ulikuwa bado hai.

Kwenye harusi, bibi na bwana harusi huvaa jamii ya sido. Sido ni kuwa, kufikia. Sido mukti ni dua ya kuishi kwa neema na heshima. Wazazi wao huvaa truntum, vinyota vidogo vilivyotapakaa kwenye giza. Masimulizi ya Surakarta yanasema ua hili lilibuniwa na malkia wa Sunan Pakubuwono III, aliyetawala kati ya 1749 na 1788. Mume alikuwa amemsahau. Usiku akawa anatazama nyota na kuzichora kwa nta. Mfalme akapita, akauliza ni nini, akarudi kesho yake kuona kazi ilipofikia, na kesho kutwa pia, mpaka penzi likachipua upya. Ndiyo maana wazazi hulivaa, wakiwaombea watoto wao penzi lisilokauka.

Kwa msiba kuna slobog, jina linalotokana na neno la kitu kilicholegea, chenye nafasi, ili njia ya marehemu isiwe na msongamano. Kwa mgonjwa kuna tambal, ua la viraka, alilokuwa akifunikwa kwa imani kwamba kilichochanika ndani yake kitashonwa. Na mtoto hubebwa kwenye mbeleko ya batiki yenye maua ya heri. UNESCO ilipoiingiza batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa binadamu tarehe 2 Oktoba 2009, hoja mojawapo ilikuwa hiyo: batiki inampokea mtu akiwa mchanga na inamfunika akifa. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Batiki nchini humo, na kuanzia wanafunzi hadi makarani wa benki huvaa batiki.

Nimezungumzia Java ya kati tu. Ukienda pwani ya kaskazini mambo yanabadilika, kwa sababu huko meli zilileta Wachina, Waarabu, Wahindi na Waholanzi. Cirebon wana mega mendung, mawingu yenye tabaka za buluu yaliyochukua sura kutoka kwa Wachina. Lasem wanajulikana kwa wekundu wanaoulinganisha na damu ya kuku. Pekalongan wana mashada ya maua yanayofanana na yale ya Ulaya. Na ng'ambo, kwenye kisiwa cha Sumatra, watu wa Bengkulu wana besurek, batiki yenye michirizi ya hati ya Kiarabu, ambayo mara nyingi imepindwa makusudi isisomeke, kusudi asije mtu kukalia aya.

Sisi tutachora kawung. Ni duaradufu nne, yaani maduara marefu kama yai, zinazoelekea kitovu kimoja, zinazofananishwa na tunda la mti fulani wa sukari unaoota huko, mti wa jamii ya minazi ambao Wajava huugema na kupika sukari guru. Wazee huzisoma zile nne kama pande za dunia, na kitovu kama moyo wa mtu unaopaswa kuzitawala. Ni ua kongwe, limechongwa hata kwenye kuta za mahekalu ya Prambanan. Nililichagua kwa sababu linamfaa anayeanza: ukiweza duaradufu moja, umeliweza lote.

Hatua ya 3: Penseli

Chora gridi ya miraba ya sentimita 5 kwa mstari hafifu. Ndani ya kila mraba, chora duaradufu nne, kila moja ikitoka kwenye kona kuelekea katikati, na zisigusane: acha nafasi ya milimita tatu kati ya ncha zao. Katikati ya kila upande wa mraba, pale miraba miwili inapopakana, patabaki uwazi; weka hapo kialmasi kidogo. Usitumie kalamu ya wino. Wino wa kalamu husambaa na hukaa milele.

Mabingwa wa Giriloyo huweka penseli pale tu ua linapotaka vipimo. Vijazio vya ndani, yaani nukta, vistari na magamba, huvitoa kichwani.

Hatua ya 4: Nta

Yeyusha parafini kwanza, kisha tia nta ya nyuki. Nta ya nyuki hunyumbulika na hushika. Parafini peke yake hukauka ikawa ngumu na kupasuka, na hizo ndizo nyufa zangu zilizoniaibisha. Malam, nta ya Wajava, ina zaidi ya hayo: utomvu wa msonobari, utomvu wa damari, mafuta ya mnyama, na kila karakana ina mchanganyiko wake. Tena hutumia nta mbili tofauti, moja ya mistari inayokwanguka kirahisi na nyingine ya kujazia inayong'ang'ania. Kwa kipande kimoja mchanganyiko wetu unatosha.

Nta ikishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwagie maji, italipuka. Usiiache peke yake hata kama simu inaita, na fungua madirisha.

Utajuaje joto limefika? Chora mstari kwenye kipande cha kujaribia. Nta ikiwa baridi mno, mstari unakaa juu ya kitambaa, mweupe na ulioinuka kama krimu ya keki, na ukikigeuza nyuma huoni kitu. Ikiwa ya moto mno, inatoa moshi na mstari unakimbia na kunenepa kabla hujaondoa mkono. Ikiwa sawasawa, pale ilipopita kitambaa kinakuwa kama karatasi iliyofungiwa sambusa, mwanga unapita, na nyuma mstari unaonekana karibu sawa na mbele. Ukishaipata hali hiyo, punguza moto ili ibaki hapo.

Hatua ya 5: Kuandika

Wajava husema batik tulis, na tulis ni kuandika. Kaa kwenye kigoda, tundika kitambaa mbele yako kwenye fremu ya mianzi au kamba iliyokazwa, kilale kwa mshazari. Kiganja cha kushoto kinakaa nyuma ya kitambaa kukiegemeza. Mapajani weka nguo kuukuu, kwa sababu matone ya kwanza yote yatakuangukia.

Acha chantingi ndani ya nta ya moto kama dakika moja ili shaba ipate joto. Chota nusu ya kikombe, usijaze. Futa tumbo la kikombe kwenye ukingo wa kikarai. Kisha puliza kidogo kwenye mdomo wa mrija. Utasikia kama mluzi mdogo, na hapo ujue njia iko wazi. Ishike kama kalamu, ila mpini uwe umelala zaidi, na mrija ukiwa bado angani uelekeze juu kidogo ili usidondoshe. Gusa kitambaa, tembea. Mrija uguse kama vile unampapasa mtoto aliyelala. Ukikwaruza, nyuzi zitautekenya na nta itaruka.

Usisimame katikati ya mstari, maana palipo na kituo panakuwa na kinundu. Kama nta inaisha, maliza duara uliyomo kisha chota tena. Nilipokuwa nafundishwa nilikuwa nashika pumzi bila kujua, na yule mama akanigonga begani: pumua, batiki si mtihani.

Anza na mizunguko ya duaradufu zote, kwa mdomo mwembamba, mstari wa kama milimita tatu. Ni mnene kuliko wa Wajava, lakini utanishukuru kwenye hatua ya kukwangua. Baada ya hapo jaza tumbo la kila duara kwa mdomo mpana. Huo ndio weupe wako wa mwisho. Vialmasi na uwanja unaobaki usiviguse.

Geuza kitambaa. Kila mahali ambapo nta haikupenya, rudia kwa nyuma. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha hulaumu rangi.

Tone likianguka pasipotakiwa, subiri lipoe, likwangue, halafu lowesha pembeni mwake kwa sifongo yenye maji na ulipapase kwa kijiko cha chuma kilichopashwa moto ili mabaki yayeyuke, uyafyonze kwa sifongo. Litafifia, halitapotea kabisa. Vitambaa vingi vizuri nilivyoshika Giriloyo vina kitone kimoja kama hicho mahali.

Hatua ya 6: Buluu

Ndoo ya nili iandae siku moja kabla. Kipimo ni rahisi kukumbuka: nili moja, chokaa mbili, sukari tatu. Koroga nili na maji ya uvuguvugu mpaka iwe uji usio na mabonge, tia kwenye ndoo ya maji ya moto kiasi cha kuvumilika kwa mkono, ongeza sukari, kisha chokaa kidogo kidogo. Koroga polepole bila kuingiza hewa, funika. Wajava hutumia sukari guru au masalia ya miwa kwa kazi hiyohiyo. Ndoo iliyokubali ina ngozi ya rangi ya shaba juu, na chini yake maji ya manjano au kijani kama ya mchaichai. Yakiwa bado ya buluu, subiri.

Maji yakishapoa, lowesha kitambaa kwa maji baridi, kikunjue bila kukikunja kwa nguvu, kizamishe dakika tano, kitoe taratibu kando ya ukuta wa ndoo. Kinatoka kijani. Kishike hewani na utazame: buluu inaingia kuanzia kingoni, mbele ya macho yako. Anayetengeneza batiki za Tanzania kwa kostiki na haidro hatashangaa, kanuni ni ileile. Rangi huyeyuka ikiwa imenyimwa hewa na hujifunga kwenye uzi ikirudishiwa. Mabibi zetu waliovaa kaniki nao walijua nili inavyopakaa ngozi.

Rudia mara nne hadi sita, ukikipa hewa dakika kumi kila mara. Buluu iwe nzito kuliko unavyotaka, kwa sababu ikikauka hupungua. Usikianike juani, nta italainika na kazi yote ya mkono itakuwa bure. Mimi niliwahi kukiacha kitambaa kwenye bati la paa kwa robo saa tu. Sikusema nilichokikuta.

Hatua ya 7: Kukwangua na kufunika

Sasa tunaifungulia kahawia njia. Lowesha kitambaa kwa maji baridi ili nta iwe ngumu, kilaze kwenye ubao, na kwa kisu butu kwangua mizunguko tu ya duaradufu, mbele na nyuma. Matumbo yabaki na nta yake. Sugua palipokwanguliwa kwa maji baridi yenye sabuni kidogo. Utaona mistari myeupe imefunguka katikati ya buluu.

Kianike kivulini mpaka kikauke kabisa, maana nta haishiki penye unyevu. Kisha chukua chantingi, funika vialmasi vyote kwa nta. Hivyo vitabaki buluu.

Hesabu ya rangi ni hii. Matumbo ya duara yamefunikwa tangu mwanzo, yatakuwa meupe. Vialmasi vimefunikwa baada ya nili, vitakuwa buluu. Mizunguko iliyokwanguliwa itaingia kahawia peke yake. Uwanja uliobaki wazi una buluu tayari na utapokea kahawia juu yake, na buluu chini ya kahawia hutoa weusi. Ndoo mbili, rangi nne.

Hatua ya 8: Kahawia

Kahawia ya Wajava inaitwa soga, na mojawapo ya magome yanayopikiwa rangi hiyo ni la mti wanaouita tingi. Nilipoonyeshwa nilicheka. Ni mkandaa, uleule unaoota kwenye mikoko yetu kuanzia Lamu hadi Rufiji, ambao gome lake limetumika pwani kwa ngozi na rangi tangu enzi. Ila usiende kuubandua mti uliosimama. Mikoko inalindwa kisheria, na mti uliovuliwa gome hufa. Tafuta gome la miti iliyokwisha kukatwa kwa kibali, au tumia rangi ya dukani.

Chemsha nusu kilo ya gome katika lita 5 za maji hadi zibaki nusu, chuja, acha ipoe kabisa. Zamisha kitambaa robo saa, anika kivulini kikauke, zamisha tena. Mara tano si nyingi. Mwisho kishikize: koroga gramu 50 za chokaa kwa lita moja ya maji, acha itulie, mimina maji ya juu yaliyo safi, tia kitambaa dakika kumi. Kahawia itageukia wekundu wa udongo. Ukitumia shabu badala ya chokaa inakuwa nyepesi zaidi.

Kama ungependa kujua kitambaa cha Yogyakarta na cha Surakarta vinavyotofautiana, tazama weupe wake. Dola ya Mataram iligawanywa mara mbili kwa mkataba wa Giyanti mwaka 1755, na nguo nazo zikagawanyika: Yogyakarta wanapenda weupe mkali, Surakarta hupitisha kahawia hafifu juu ya kila kitu mpaka weupe unakuwa kama maziwa yaliyotiwa asali.

Hatua ya 9: Kutoa nta

Chemsha maji kwenye sufuria kubwa, tia magadi soda vijiko viwili vya chakula kwa kila lita 5. Yakitokota, zamisha kitambaa na uwe unakiinua na kukishusha kwa fimbo, juu chini, juu chini. Nta inaachia na kuelea. Kihamishe haraka kwenye ndoo ya maji baridi, sugua, rudi kwenye moto. Mizunguko mitatu inatosha. Maji yakipoa, nta itaganda juu kama utandu wa maziwa. Itoe, ikaushe, itatumika tena. Usiyamwage yakiwa ya moto kwenye sinki, labda kama unampenda sana fundi bomba.

Hapa ndipo utakapoiona batiki yako mara ya kwanza, na ndipo utakapoona kila kosa.

Ukinunua badala ya kuchora

Geuza kitambaa. Batiki ya kuandikwa kwa mkono huwa na nyuma inayokaribia kufanana na mbele, maana nta ilipenya. Kitambaa kilichochapwa kwa mashine mara nyingi huwa kimefifia nyuma, na Indonesia kwenyewe wenye msimamo hawakiiti batiki hata kama kina ua la kawung. Kisha tafuta mapacha: linganisha duaradufu mbili. Zikifanana hadi kitone cha mwisho, ni mashine, au ni batik cap, batiki ya muhuri wa shaba iliyoenea karne ya 19 ili kuharakisha kazi. Cap ni batiki halali, ina nta na ina ufundi, kwa kawaida hugongwa na wanaume wakati chantingi iko mikononi mwa wanawake. Ila bei yake isiwe ya tulis. Mwisho, nusa. Batiki mpya ina harufu ya nta na moshi ambayo kiwanda hakina.

Mashine zenyewe zina hadithi inayotugusa. Karne hiyohiyo ya 19 Waholanzi walijaribu kuigiza batiki ya Java viwandani ili waiuze kwa Wajava kwa bei rahisi. Nyufa walizoshindwa kuziondoa hazikuwapendeza Wajava. Ziliwapendeza Waafrika wa Magharibi, soko likaota mizizi, na kutoka huko ikaja jamii yote ya vitenge vya waksi, vikwembe vya ndugu zetu wa Kongo vikiwemo. Kwa hiyo yule mama wa Giriloyo hakuwa wa kwanza kuzikunjia uso nyufa.

Kufua na kutunza

Usitumie sabuni ya unga wala jiki. Wajava hufulia lerak, tunda linalotoa povu; sabuni ya mche iliyo laini, ikikunwa na kuyeyushwa kwenye maji baridi, itafaa. Usikikamue, kitundike kivulini kikiwa kinachuruzika. Pasi iwe ya wastani na ipite juu ya kitambaa kingine. Kwenye kabati kikunje kwa mikunjo tofauti kila mara ili kisichakae mstari mmoja, na kama unataka harufu, kifukize kwa udi kama ufanyavyo nguo zako za sikukuu. Huko hukifukiza kwa mchanganyiko wao wa mizizi na utomvu wanaouita ratus. Mafuo mawili ya kwanza maji yatatoka na ubuluu kidogo. Ni nili ya juu juu ambayo haikujifunga kwenye uzi, inaondoka. Kuanzia la tatu yanatakiwa yawe meupe, na kama bado ni ya buluu, mara nyingine kipe hewa ndefu zaidi kila kinapotoka kwenye ndoo.